Vitabu vya Shaaban Robert: kabla hujalipa, angalia mgongo

Mwaka jana nlituma elfu nne na mia tano kwa M-Pesa kwa muuzaji mmoja wa Nairobi, kaandika "seti ya Shaaban Robert, vitabu tisa, vipya kabisa". Vikapanda basi mpaka Mokowe, vikavuka na boti, nkalipa mia mbili nyingine ya mzigo manake ukikaa Lamu hata barua ina nauli yake. Vilipofika nlifurahi, majalada yanang'aa, nkavipanga. Kisha kusi ikaingia, ule msimu wa upepo wa kusini.

Siku moja tuko barazani namsomea mamangu Adili na Nduguze, tumefika pale Ikibali anachungulia usiku anamuona Adili akiwachapa manyani wawili, mama hata ukili anaosuka ameshauweka chini, nkageuza ukurasa ukabaki mkononi. Na uliofuata pia. Wa tatu ulichukuliwa na upepo ukaangukia mtaroni, na punda aliyebeba mchanga akaukanyaga vizuri sana.

Kwa hiyo mambo ya bei na jalada na kitabu gani kitamu leo sitayagusa sana, mie nazungumzia gundi. Hakuna anayeizungumzia! Kurasa zinakatwa sawasawa, zinapakwa gundi mgongoni, jalada linabandikwa juu, basi. Bara kavu pengine kitadumu. Huku kwetu karatasi inanywa unyevu inavimba, gundi nayo imeshakauka haifuati, inapasuka. Kitabu cha kushonwa ni kingine: karatasi zimekunjwa mafungu mafungu na uzi umepita kwenye mkunjo. Tazama msahafu wa nyumbani ulioshonwa, angalia mgongo wake kwa juu, utayaona yale mafungu. Na ukumbuke sisi ni jirani wa Siyu, mji wa kisiwa cha Pate, watu walionakili misahafu kwa mkono na kuijalidi wenyewe, leo tunauziwa vitabu vinavyomwaga kurasa kama mwarobaini.

Namna ya kupima: fungua katikati kabisa, bonyeza taratibu, sikiliza. Ukisikia "ka!" rudisha. Muuzaji akikukataza kufungua, ondoka.

Haya, kwangu mchapishaji wa kwanza ni Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam, na ukisema nawapendelea, ndio, nawapendelea. Kampuni aliyoianzisha Walter Bgoya mwaka 1991. Wasifu wa Siti Binti Saad waliotoa wao nnao kwa kusi ya nne sasa, umesomwa na nyumba nzima, umeazimwa, umerudi na doa la chai, hakuna ukurasa uliotoka. Na kama hujausoma anza na huo, wala usianze na riwaya. Ni maisha ya yule mwimbaji wa Unguja aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri, na Shaaban anaandika kama mtu aliyekaa naye akamsikiliza, si kama mtu wa kukusanya tarehe.

Wa pili, nakala za zamani za kampuni ya Nelson, ile Diwani ya Shaaban, ukizipata kwa wauza mitumba wa vitabu Mombasa. Karatasi imekuwa manjano lakini kama kimefika leo kizima basi kimeshafaulu mtihani. Tahadhari moja tu, zina namba za juzuu, andika ulizonazo kwenye simu kabla hujaenda, mie nna juzuu moja mara mbili na sitaki kulizungumzia.

Fotokopi na zile za kuchapwa haraka: ukiwa mwanafunzi na mtihani uko wiki ijayo, nunua. Basi.

Na hii tabia ya kuuza "seti" inanikera kuliko gundi. Huyu mtu kazaliwa 1909, kafa 1962, alikuwa karani wa forodha, na ameacha vitabu zaidi ya ishirini, riwaya, insha, mashairi, wasifu, tenzi, hata Omar Khayyam alimtia kwenye Kiswahili. Vingine, kama Kufikirika, Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote, vilitoka yeye yuko kaburini. Sasa muuzaji anachukua vichache vinavyojulikana, anajazia na miongozo ya wanafunzi iliyoandikwa na watu wengine kabisa, anakwambia kamili. Kwenye vyangu tisa, vitatu vilikuwa miongozo! Jina la Shaaban limeandikwa kubwa juu, la mwandishi mwenyewe dogo kama sisimizi chini.

Ukiwa na pesa ya vitatu tu, huo Wasifu, halafu Kusadikika, halafu Utubora Mkulima, hasa kama umechoka na kazi ya mjini unawaza shamba. Mpenda tenzi atafute Utenzi wa Vita vya Uhuru, vita vya 1939 mpaka 1945 vyote vimo, ni mnene, kwa hiyo mgongo wake uutazame mara mbili. Na usiviweke kwenye zidaka za ukuta unaotoa chumvi.

Unayenunua kwa simu, mwambie muuzaji akutumie video akikifungua katikati, na sauti iwepo. Wangu nlimtumia picha ya zile kurasa na matope yake. Tiki mbili za buluu, mpaka leo.