Fraterniti na sororiti za Marekani: mzazi wa Kisumu ananunua nini?

Mmeshafanya harambee, tiketi imelipwa, mtoto yuko chuoni Marekani. Miezi miwili baadaye anaomba pesa za "fraterniti". Hicho ni chama cha wanachuo wa kiume. Cha kike ni sororiti. Vingi vina majina ya herufi za Kigiriki: fraterniti ya Alpha Phi Alpha ilianzia Chuo Kikuu cha Cornell 1906, sororiti ya Alpha Kappa Alpha ikaanzia Chuo Kikuu cha Howard 1908.

Faida ipo: mgeni hupata wenzake haraka, na wahitimu husaidiana kutafuta kazi. Bei ndiyo hukera. Kuna ada ya kujiunga, ada ya kila muhula, bima, fulana (haziishi hizo!), hata faini ya kukosa mkutano. Akihamia nyumba ya chama, kodi na chakula ni hesabu nyingine. Dai orodha yote kwa maandishi kabla hajatia sahihi. Mwenye viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi, hafanyi kazi chuoni zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, kwa hiyo deni litakurudia wewe.

Kasoro mbaya zaidi ni mateso ya kuwapima wanachama wapya: kulazimishwa kunywa pombe, kukeshwa, kutumwa ovyo. Mwaka 2017 mwanafunzi wa chuo cha Penn State alifariki baada ya usiku wa namna hiyo. Sheria iliyotiwa sahihi Desemba 2024 inavitaka vyuo vitoe ripoti ya vyama vilivyopatikana na makosa haya. Ripoti hiyo iko kwenye tovuti ya chuo. Chama kikiwamo, usitume hata senti.