Kisahani cha pampu kilichonikatia raba katikati ya bahari

Kaskazi ndiyo kwanza imeanza kuvuma, niko baina ya Mkokotoni na Tumbatu, boti imejaa kinamama na vikapu vyao, mashine ikaacha kukojoa. Mwenye boti anajua maana yake: maji ya kupoza hayapandi. Nikazima pale pale, tukachukuliwa na mkondo mpaka mwenzangu akaja kutuvuta. Nilipofungua pampu, feni ya raba haina mabawa matatu, yamenyofoka kama yaliyopitishwa wembe. Raba mpya, haijamaliza hata wiki mbili!

Kilichoikata ni kisahani cha chuma kisichoshika kutu kinachokaa chini yake. Cha zamani kilichimbika kwa mchanga, ndio nikapeleka karakana moja mjini nichongewe chengine. Nisiwadhulumu, vipimo vilikuwa sawasawa, matundu ya boliti yalikaa bila kulazimisha. Lakini ule mdomo wa kuingilia maji, upande kisu cha mashine kilikotokea, ulibaki na ulimi mwembamba wa chuma umesimama ukingoni. Nilipitisha kidole, ukanichana. Nikamwonesha kijana aliyenikabidhi. Macho yake yako kwenye simu, akanambia: "Mzee, hiyo ni kawaida ya chuma. Ukishafunga itajilainisha yenyewe."

Kawaida ya chuma, hapo hakusema uongo. Nimekaa na fundi mwengine akanieleza vizuri. Kisu kinapokata katikati ya chuma, mbele yake kuna chuma chengine kinachoshikilia, kwa hiyo chenga zinakatika. Kikifika ukingoni, mbele hapana tena cha kushikilia, na ile sehemu ya mwisho badala ya kukatika inapinda na kusukumwa nje. Seremala anaijua hii: toboa ubao bila kuweka kipande cha mbao nyuma, uone upande wa pili unavyochanika. Tofauti ni kwamba chuma laini au kinachovutika hakichaniki, kinajikunja na kubaki pale pale. Chuma cha kusubu, kwa kuwa ni kikavu, humeguka tu na ulimi wake huwa mdogo.

Na kisu kikiwa butu ndiyo balaa zaidi. Makali yakishakuwa mviringo hayaumi chuma, yanakisugua na kukisukuma. Hata kisu kizuri kikisogezwa polepole mno kinafanya hivyo hivyo. Hiki kisichoshika kutu kina tabia yake: kila kikisuguliwa kinazidi kuwa kigumu, na kinazidi kula kisu. Kwa ulimi niliouona mimi, kile kisu chao kilikuwa cha kubadilishwa zamani.

Lakini sigombi kwa sababu ulimi ulitokea. Kwa fundi yeyote utatokea, mkubwa au mdogo. Nagombana na mtu anayeuona, anaoneshwa na damu ya kidole changu, halafu anakukabidhi hivyo hivyo na pesa anachukua.

Nilikaa kuandika hapa nikitaka kusema msiende kabisa. Kisha nikafikiri, kwa vipimo wale wanajua kazi, na kipuri cha kuagiza unaweza kukisubiri mpaka msimu ukaisha. Basi nendeni, lakini msitoke mlangoni kabla ya kupitisha pamba ukingoni, ikinasa, warudishieni. Ila nikimkumbuka yule mtoto mchanga aliyepakatwa mbele ya boti, jua kali, mama yake ananiuliza "Nahodha, kuna nini?" na mimi sina la kumjibu... hapana. Mpaka kijana yule aondolewe mapokezi, mimi simpeleki mtu.

Niliwarudia na kile kisahani. Safari hii alikuwepo mwenye karakana mwenyewe. Akakibana kwenye jiliwa, akachukua tupa ndogo, akavunja makali ya ukingo pande zote mbili, akamalizia kwa msasa. Hata dakika tano hazikufika. Akapitisha pamba, haikunasa uzi hata mmoja. Bei ya raba hakunirudishia, na neno la pole sikulisikia.