Kozi ya Malezi ya Watoto: Nzuri Darasani, Fupi Kituoni

Kozi hii ya ufundi kwa vijana wanaotaka kazi ya kulea watoto inang'aa zaidi katika huduma ya kwanza, ambapo kila mwanafunzi hujizoeza kwa mwanasesere: mtoto mchanga aliyepaliwa hulazwa kifudifudi, kichwa kikiwa chini kuliko kiwiliwili, akapigwa mara 5 kati ya mabega, na kitu kisipotoka hugeuzwa na kusukumwa kifuani mara 5. Mkufunzi alisisitiza pia, bila kuchoka, kwamba mtoto mchanga alazwe chali wakati wa usingizi na asipewe asali kabla ya kutimiza miezi 12. Somo la michezo linaridhisha. Mafunzo kwa vitendo katika kituo cha kulelea watoto, hata hivyo, ni mafupi mno, na namna ya kuzungumza na wazazi, jambo linalomsumbua sana mlezi mpya, imeguswa juu juu tu.