Ushauri nasaha kwa Lugha ya Alama jijini Dar es Salaam: tathmini ya mteja kiziwi

Mimi ni kiziwi tangu nilipougua homa ya uti wa mgongo nikiwa na miaka minne, na huduma ninayoitathmini hapa ni ushauri nasaha niliopata kwa ajili ya sonona, mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu. Kabla yake nilikwenda kituo kingine, ambako mkalimani aliyeletwa alikuwa muumini mwenzangu kanisani. Jamii yetu ni ndogo na wakalimani ni wachache, kwa hiyo sikuthubutu kueleza habari za ndoa yangu mbele ya mtu ambaye ningekutana naye Jumapili.

Hapa mshauri mwenyewe anatumia Lugha ya Alama ya Tanzania. Tofauti niliiona siku ya kwanza, tulipofika kwenye PHQ-9, dodoso la kupima dalili za sonona, lenye maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita. Swali la 8 linauliza, pamoja na mengine, kama mtu amekuwa akizungumza polepole kiasi cha wengine kutambua. Kule kwenye kituo cha kwanza nilijibu hapana, kwa kuwa sizungumzi kwa sauti. Mshauri huyu aliniuliza kwa alama kama mikono yangu imekuwa mizito, na kama watoto wamelalamika kwamba naacha sentensi njiani. Machozi yakanitoka, maana ndivyo ilivyokuwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Manchester walichapisha mwaka 2013 kazi yao kuhusu toleo la dodoso hilo katika Lugha ya Alama ya Uingereza, na naamini nasi tunastahili letu, lililorekodiwa kwa video na kujaribiwa pamoja na viziwi wenyewe.

Zoezi la kupumua, ambalo wanaosikia hulifanya wakiwa wamefumba macho na kufuata sauti, hapa nililifanya macho wazi, nikiufuata mkono wake ukipanda na kushuka, kwa sababu kiziwi akifumba macho mazungumzo yamekatika. Shajara ya mawazo sikuiandika. Nilijirekodi kwa simu kila jioni, kisha tukaitazama pamoja.

Kasoro zipo. Miadi hupangwa kwa kupiga simu tu, hivyo ilinibidi nimwombe dada yangu anipigie, na siri yangu ikawa yake pia. Vilevile dirisha lilikuwa nyuma ya kiti cha mshauri, uso wake ukawa gizani, ilhali uso ni sehemu ya sarufi yetu. Nilipolisema hilo, wiki iliyofuata nilikuta viti vimegeuzwa. Namba ya kutuma ujumbe bado naisubiri.