Likizo ya uzazi ya mtumishi wa serikali Tanzania, siku 84: nyota 4 kati ya 5

Mi ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali, nina watoto wawili na wote nimewazaa nikiwa kazini, huyu wa mwisho kwa oparesheni, kwahiyo naandika kitu nilichokipitia mara mbili.

Uzuri wake kwanza. Siku 84 na mshahara kamili, ukijifungua pacha ni 100. Mshahara uliingia kama kawaida haujapungua hata shilingi, na jamani ukiwa na kidonda cha kisu alafu hela ya pampasi, ya supu na ya bodaboda wa kliniki ipo na hujamkopa mtu, unalala. Mdogo wangu anauza duka la mtu, alirudi kusimama kaunta mtoto ana wiki 5 maana hakuna wa kumlipa akikaa nyumbani. Naishukuru serikali kwa hili, natoka moyoni.

Sasa tupige hesabu. Siku 84 ni za kalenda, jumamosi jumapili na sikukuu zimo humo humo, yani wiki 12 basi. Unaruhusiwa kuanza wiki 4 kabla ya makadirio, mi kwa mtoto wa kwanza nilianza mapema miguu imevimba nikaja kujuta, maana zile wiki zinatoka kwenye hizo hizo 84. Kliniki nesi anasema mama nyonyesha maziwa yako tu miezi 6, hata maji usimpe, wiki ya 12 natakiwa darasani. Nesi ameajiriwa na serikali, mimi nimeajiriwa na serikali hiyo hiyo, nimsikilize nani? ILO, shirika la kazi duniani, kwenye mkataba wao namba 183 wa mwaka 2000 wanataka zisipungue wiki 14, na walimu wenzetu wa Kenya makubaliano yao ya 2021 na TSC, tume inayowaajiri, yaliwapandisha kutoka siku 90 mpaka 120. Kwahiyo inawezekana.

Siku ya kwanza kurudi niko ubaoni, darasa limejaa, naandika hesabu za kugawanya, saa 4 kasoro kifua kikajaa na maziwa yakapenya gauni mbele ya watoto. Kabinti ka dawati la mbele kakanyanyuka kimya kimya kakanipa sweta lake nijifunike. Nililia sana siku ile.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa mpaka saa 2 kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi, ila mi niliambiwa ratiba hairuhusu, mwalimu vumilia tu. Nikaenda kuprinti kifungu cha 33, nikapigia mstari kwa peni nyekundu, nikampelekea mkuu, akasoma mpaka mwisho akasema mwalimu nisamehe nilikuwa sijui, vipindi vyangu vikasogezwa asubuhi. Hayo masaa mawili ndo yalimfanya mwanangu anyonye mpaka leo, yadaini.

Nyota niliyopunguza ni ya likizo ya baba. Sheria inampa angalau siku 3, tena ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Mume wangu naye mtumishi, siku mbili ziliishia wodini, ya tatu katurudisha nyumbani, kesho yake yuko kazini na mi hata kuinama kushika beseni siwezi. Mama yangu alipanda basi usiku kucha kuja kunikanda. Na asiye na mama je?

Kitu kimoja kimeboreshwa kweli kweli: tangu marekebisho ya sheria ya 2025, ukijifungua njiti unaongezewa muda wa kufidia zile wiki zilizobaki kufika 40. Mama niliyelala naye wodini kwa mtoto wangu wa kwanza alijifungua njiti, likizo yake karibu yote iliishia kwenye kangaroo, yani kumbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, angeyakuta haya angepona.

Kwa anayejiandaa: toa taarifa miezi 3 kabla, ambatanisha kadi ya kliniki, barua ipite kwa mkuu wako na ubaki na nakala yenye muhuri, yangu ya kwanza ilipotelea mezani kwa mtu na nakala ndo ikaniokoa. Jua pia likizo ya kulipwa inahesabiwa kwa mzunguko wa miezi 36, ukishika mimba nyingine mapema hizo 84 usizihesabie. Saa za kunyonyesha ongea na mkuu kabla hujarudi, usisubiri kama mimi. Na siku ya kwanza beba gauni la ziada na kanga.