Repeater ya Fugazi: tundu limekosea, muuzaji akalaumu muziki

Nyota moja. Siwapi wanamuziki wa Fugazi, bendi ya roki ya Marekani, naipa ile santuri niliyoletewa ndani ya jalada, pamoja na jibu nililopata nilipolalamika: "Kaka, huo ni muziki wa kelele, ndivyo ulivyo." Sivyo ulivyo! Anayeuza santuri na kusema hivyo hajaisikiliza hata upande mmoja.

Albamu hii ilirekodiwa kwa uangalifu, katika studio ya Inner Ear kule Arlington, Virginia, Don Zientara akiwa kwenye mitambo na Ted Nicely akiongoza kazi, ikatoka 1990 chini ya lebo ya Dischord. (Wengi huidhania 13 Songs kuwa ndiyo albamu yao ya kwanza. Ile ni EP mbili, yaani sahani fupi za nyimbo chache, zilizounganishwa.) Gitaa la Ian MacKaye na la Guy Picciotto hayafuatani, yanajibizana, besi ya Joe Lally ndiyo inayobeba wimbo, na ngoma za Brendan Canty hazina mwangwi wa kuficha kosa. Posti-hadikoo (roki iliyozaliwa na panki kali) nzuri ni hiyo, kila chombo kinasikika kilipo. Turnover, wimbo wa kwanza, inaingia kwa gitaa linalovimba taratibu kutoka kimya, na kwenye sauti hiyo ndefu kasoro ilijitoa yenyewe: inapanda, inashuka, inapanda, kama kaseti iliyolowa.

Kabla ya kulaumu mashine, hesabu. Santuri ya mizunguko 33⅓ kwa dakika humaliza mzunguko kila sekunde 1.8. Sauti ikiyumba kwa mwendo huohuo, tatizo ni santuri, si mota wala mkanda unaozungusha mashine. Kisha inama, macho yawe usawa wa sahani. Kichwa cha sindano kikipanda na kushuka, santuri imepinda. Kikienda kushoto na kulia, tundu linaloingia kwenye msumari wa mashine halipo katikati. Changu kilikwenda milimita 2 kwa jumla, yaani tundu limekosea kwa milimita 1. Ukingoni mwa santuri hiyo ni kama asilimia 0.7 ya mwendo, sikio linaweza kusamehe. Kwenye mifereji ya ndani, milimita 60 hivi kutoka katikati, inafika asilimia 1.7.

Na huko ndani kabisa ndiko walikouweka Shut the Door. Wimbo wa kifo, unaokwenda chini kwa chini, besi ikitembea na magitaa yakiguswa kidogo tu, mpaka unapolipuka. Ukiyumba, mvutano wote unakufa. Unamwuzia mtu hiyo halafu unamwambia ndivyo ulivyo?

Santuri yenye kosa hili inatengenezeka. Cheza upande wenye shida, subiri mkono wa sindano usukumwe nje kabisa, na hapohapo weka alama ya penseli kwenye lebo, upande unaoitazama sindano. Itoe. Zungushia penseli msasa laini, kusugua kuwe upande wenye alama tu, kidogo kidogo, vumbi ukilipangusa kila mara lisiingie kwenye mifereji. Rudisha, isukume santuri upande ulio mkabala na alama, tazama tena mkono. Usitumie kisu, kinachana lebo na tundu linakuwa na pembe. Na usisugue kuzunguka tundu lote, maana santuri itakosa pa kushikilia na itahama yenyewe ikicheza.

Upande B umetulia sasa. Greed, Styrofoam, Reprovisional, zote zimesimama wima, na Shut the Door inaisha kwenye kimya kinachostahili. Kwa upande huo peke yake ningetoa nyota tano na kuomba radhi kwa ile moja ya juu.

Ila kila upande una kalibu yake ya kukandamizia santuri, na kila kalibu hutobolewa peke yake. Tundu lililonyoosha B limeuhamisha A: Merchandise na Blueprint sasa zinayumba kuliko mwanzo, na kila nikigeuza lazima niisukume santuri kwa kidole upande mwingine kabla ya kushusha sindano. Basi nyota tatu. Asiyetaka kazi hii achukue CD yenye nyimbo 14, tundu lake halina maneno, lakini ajue kwamba Shut the Door ikiisha tu, zinafuata tatu za EP nyingine. Azime mashine hapo, mara moja.