Begi la kupandia mlima kwa mtu wa Dodoma: lipi la kwanza, lipi la mwisho

Mtu akiniuliza anunue begi gani la mgongoni kwa ajili ya kupanda milima, nami humuuliza atabeba maji kiasi gani. Ukiwa Dodoma, jibu la swali hilo linaamua karibu kila kitu kingine. Mvua za huku huanza Desemba na kukatika Aprili. Miezi iliyobaki makorongo ni mchanga mtupu. Hata Mlima Hanang, ambao barabara ya lami ya Kondoa hadi Babati imetusogezea karibu, hauna maji ya kutegemea njiani. Lita moja ya maji ni kilo moja, na kilo hiyo haipungui hata ukinunua begi la bei mbaya.

Nalisema hili mapema kwa sababu mabegi mengi yanayosifiwa kwa wepesi yametengenezewa watu wanaokuta kijito kila baada ya saa mbili, wakachuja maji na kuendelea. Kwao lita moja mgongoni inatosha. Sisi ni watu wa nchi kavu. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani ilipopita Mpwapwa ilikutana na nyika ya Marenga Mkali kabla ya kuingia Ugogo, na ilibidi ijiandae kwa maji kwanza ndipo ivuke. Nchi ni ileile.

Tupige hesabu ya Hanang kwa siku mbili, kulala usiku mmoja. Maji lita 6. Hema dogo kilo 1.8. Begi la kulalia, yaani mfuko unaoingia ndani yake kulala, kilo 1.2, maana juu ya mita 3,000 usiku una baridi kali hata kwa aliyezoea upepo wa Julai wa hapa mjini. Mkeka wa sponji nusu kilo, chakula kilo 1.4, nguo za baridi na za mvua kilo 1.5, na vikorokoro kama tochi, sufuria na dawa kilo 1. Jumla kilo 13.4, na begi lenyewe bado hujalihesabu. Karibu nusu ya mzigo huo ni maji, na maji hayana toleo jepesi.

Hapo ndipo habari ya fremu inapoingia. Begi lisilo na fremu hubeba vizuri hadi kilo 8 au 9. Ukizidisha hapo linaanza kujikunja katikati, mkanda wa kiunoni unabaki umening'inia bila kazi, na uzito wote unahamia mabegani. Fremu, iwe vijiti viwili vya alumini au waya mmoja uliozungushwa mgongoni, inashusha mzigo kutoka mabegani na kuutua kwenye mifupa ya nyonga. Nyonga na mapaja yameumbwa kubeba, shingo haikuumbwa hivyo. Fremu huongeza kama nusu kilo kwenye begi. Kwa hiyo aliyetoka kwenye begi la gramu 600 akaingia kwenye la kilo 1.2 ameongeza namba kwenye mzani, lakini mwili wake unasikia nafuu. Begi lipimwe likiwa limejaa. Likiwa tupu, uzito wake unakwambia kidogo sana.

Kanuni inayotumika sana ni kwamba mzigo usizidi sehemu ya tano ya uzito wako. Mwenye kilo 60 asimamie kwenye 12. Ukirudi kwenye hesabu ya Hanang utaona imepita, na dawa yake ni kugawana: mmoja abebe hema la wawili, mwingine sufuria na chakula, au mchukue mpagazi. Mkimchukua, kumbukeni naye ana mgongo. Kilimanjaro kikomo cha mzigo wa mpagazi ni kilo 20, na hakuna sababu ya kumzidishia mtu kwa kuwa tu mlima ni mwingine.

Kabla ya kutaja jina lolote la begi, pima mgongo wako. Namaanisha mgongo, si urefu wa mtu. Inamisha kichwa, papasa chini ya shingo mpaka upate kile kifupa kilichochomoza zaidi. Kisha weka mikono kiunoni juu ya mifupa ya nyonga, vidole gumba vikielekea uti wa mgongo. Mwambie ndugu yako apitishe futi ya fundi cherehani kutoka kwenye kifupa kile hadi kwenye mstari unaounganisha vidole gumba. Watu wazima wengi huangukia kati ya sentimita 40 na 53. Watu wawili wanaolingana kimo wanaweza kutofautiana hapo sana, kwa kuwa mmoja ana miguu mirefu na mwingine kiwiliwili kirefu. Andika namba hiyo kwenye simu. Begi la bei ghali lisilolingana nayo litakuchosha kuliko la bei poa linalolingana.

1. Begi la fremu nyepesi, lita 45 hadi 58

Hili ndilo naliweka juu bila kusita. Uzito wake uwe kati ya kilo 1 na 1.4. Mfano unaojulikana sana ni Osprey Exos 58, yenye kama kilo 1.3, na ndugu yake aitwaye Eja aliyekatwa kwa mwili wa mwanamke. Mgongoni lina wavu uliovutwa kwenye fremu, hivyo begi haligusi shati na hewa inapita katikati. Kwa jua la saa saba mchana la huku, hilo peke yake linatosha kunishawishi. Kasoro zake ni mbili. Wavu huo unausogeza mzigo nyuma kidogo, na usipopanga vizuri utahisi unavutwa kwa nyuma. La pili, mfuko wa nje ni wa kitambaa laini cha kuvutika, na miiba ya migunga inaupenda. Ukipita vichakani uwe na uzi na sindano.

Watengenezaji wadogo wa Marekani wana mabegi mepesi zaidi ya aina hii: Circuit ya ULA, kama kilo 1.1, na Mariposa 60 ya Gossamer Gear, chini ya kilo 1. Ni kazi nzuri sana. Ila bei ni zaidi ya dola 200 kabla ya usafiri na ushuru, mitumbani hayaonekani, na huwezi kuyajaribu kabla ya kulipa. Kwa begi, kutojaribu ni hasara kubwa. Bora Exos iliyotumika, au Deuter au Gregory ya ukubwa huo, ambayo umeivaa mwenyewe.

2. Begi la siku moja, lita 20 hadi 30

Wengi wetu tunachofanya kweli ni hiki: kupanda kilima cha Mlimwa hapa mjini alfajiri kabla ya kazi, mwamba wa Simba Rock Jumapili, au kwenda Kolo kule Kondoa kutazama michoro ya miambani iliyoingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mzigo haupiti kilo 6. Ukinunua lita 58 kwa safari za namna hiyo umejitesa bure.

Hapa fremu haina lazima. Angalia mkanda wa kifuani, mkanda mwembamba wa kiunoni wa kuzuia begi lisirukeruke, na mifuko ya pembeni. Nenda na chupa yako ya lita moja na nusu uichomeke hapohapo dukani. Mifuko mingi ina kina cha kuridhisha macho tu, ukiinama kwenye mwamba chupa inadondoka. Mabegi ya Quechua, chapa ya maduka ya michezo ya Decathlon, hupatikana mitumbani mara kwa mara na yanavumilia.

3. Begi la fremu kamili, lita 60 hadi 70

Atmos AG 65 ya Osprey ina kama kilo 2, na Aircontact za Deuter nazo ni za kundi hili. Zina mikanda minene na zinabeba kilo 18 bila kulalamika. Zinamfaa kiongozi wa kikundi, au mzazi atakayebeba maji ya watoto pamoja na yake. Ubaya wake ni kwamba nafasi ikiwepo hujazwa: utaona mtu amebeba suruali tatu kwa usiku mmoja.

Lakini ukikuta la kilo 2 linalokaa sawasawa mgongoni, na jingine la kilo 1.2 linalokubana kwenye mbavu, chukua la kilo 2.

4. Begi lisilo na fremu

Kumo 36 ya Gossamer Gear ni mfano. Ni jepesi mno, na kwa mtu ambaye tayari ana hema la chini ya kilo na begi la kulalia la manyoya, kwenye njia yenye maji, ni raha tupu. Huku kwetu wa namna hiyo ni wachache. Uwe umepunguza vitu vyote vingine kwanza, begi liwe la mwisho kununua.

5. Begi la shule, la laptop, na yale yenye nembo za kuiga

Kwa mlima, acha. La laptop limepangwa kubeba kitu bapa kinachokaa juu, na mkanda wa kiunoni halina. Yale ya kuiga yana kila kitu kwa macho: mikanda, klipu, hata filimbi kifuani. Vuta mkanda wa kiunoni ukitazama umeshonewa wapi. Ukiwa umeshonewa kwenye kitambaa cha mgongo tu, bila kushikana na fremu wala ubao wowote, ni pambo.

Ukifika mitumbani

Kwenye masoko ya Sabasaba na Machinga hapa Dodoma mabegi hutundikwa matupu, na muuzaji atakupa ulishike kwa kidole: "Dada, hili orijino kabisa, sikia lilivyo jepesi." Mwambie kwa upole, "Kaka, naomba niliweke mzigo kwanza." Chupa sita za lita moja na nusu ni kilo 9, na duka la maji halikosi jirani. Ukiweka amana mwenye duka hakatai.

Legeza mikanda yote. Vaa, funga wa kiunoni kwanza, sehemu yake ya katikati ikae juu ya ncha za nyonga. Halafu kaza ya mabegani mpaka iguse bega bila kukandamiza. Kisha zile kamba ndogo za juu ya bega zinazorudi kwenye begi: zikikazwa ziwe zimepanda kwa mshazari kama nyuzi 45. Zikilala bapa, begi ni fupi kwako. Sasa pitisha vidole viwili chini ya mkanda wa begani. Vikipita kwa urahisi, mzigo umetua kiunoni. Tembea robo saa. Panda ngazi kama zipo. Muuzaji mwema atakungoja, asiyekungoja mwachie begi lake.

Kisha lifungue, ingiza mkono mpaka chini na usugue kitambaa kwa ndani. Mabegi mengi yamepakwa utando wa poliuretani wa kuzuia maji, na utando huo huoza kwa unyevunyevu ukikaa miaka mingi stoo au kwenye kontena. Kiganja kikinata, au kikitoka na magamba meupe, au ukasikia harufu ya uchachu kama ya matapishi, lirudishe kwenye kamba. Hakuna sabuni ya kuliponya. Bonyeza sponji ya mkanda wa kiunoni kwa kidole gumba: irudi yenyewe. Papasa njia za fremu mgongoni uhakikishe vijiti vimo, kwa sababu mara nyingi vimechomolewa na hakuna anayejua vilikokwenda. Kwenye begi la wavu pitisha mkono kwenye kona zote za waya, maana huvunjikia hapo.

Tafuta lebo ya ndani. Mabegi ya Deuter yenye herufi SL yamekatwa kwa mgongo mfupi na mabega membamba, na huwafaa wanawake wengi. Namba zenye herufi D ni unene wa uzi, yaani gramu za uzi wa mita 9,000. Kwa vichaka vya migunga nataka 100D ubavuni na 210D au zaidi kwenye kitako, ambapo begi husuguliwa na mawe.

Klipu iliyovunjika isikutishe, fundi viatu atakuwekea nyingine kwa hela kidogo. Zipu iliyogoma kwa vumbi nayo hupona. Kisichotengenezeka ni mkanda wa kiunoni uliokatwa na fremu iliyopotea, na muuzaji akisema fundi atashona, tumia hilo kushusha bei ya begi la kubebea nguo za safari, si la mlima.

Ukilifikisha nyumbani lifue kwa mkono na sabuni ya mche, bila mashine na bila maji ya moto. Lianike kivulini, kwa sababu jua la hapa linakausha nailoni mpaka inakatika. Meno ya zipu yasugue kwa mswaki mkavu kila ukirudi safari. Unapopakia, begi la kulalia likae chini kabisa na maji yaegemee mgongo, kati ya kiuno na mabega, nguo zikiyabana yasicheze.